Barua ya mvua iandikwe kiangazi

Hotuba mbele ya mkutano wa wakaaji wa kartie (mtaa), komini ya Katuba, Lubumbashi, mwezi wa Julai

Jambo yenu wote. Bwana Shefu wa Kartie, washefu wa avenyu, wazee wetu, bapapa na bamama, na nyinyi vijana mliokosa viti mkakubali kusimama: asanteni. Jumamosi ni siku ya soko, ya kufua, ya matanga, na wengine mmetoka salongo, kazi yetu ya pamoja, asubuhi hii hii. Kuja kukaa hapa kwenye baridi ya Julai ili kuzungumza juu ya kanivo, mifereji yetu ya kando ya barabara, na mabomba ni heshima kubwa kwa kartie yetu.

Wengi wenu mnanijua kama karani wa zamani. Kwa miaka mingi, kabla ya pansheni, nilipokea barua za wananchi katika ofisi ya serikali, nikaziandika kwenye kitabu, nikazipeleka kwa mkubwa. Kwa hiyo sitawaletea siasa. Nitawaambia barua inapita wapi tangu inapotoka mikononi mwa mama mmoja wa avenyu hadi siku fundi anapofika na koleo, na kwa nini malalamiko mengi ya haki hufia njiani kabla ya kumfikia mwenye uwezo wa kutengeneza.

Nianze na kalenda. Mvua zetu hushika Novemba na kwenda mpaka Aprili. Katika miezi hiyo Lubumbashi hupata karibu maji yote ya mwaka, kiasi cha milimita 1,200. Mwezi huu hakuna hata tone. Kanivo ni kavu, watoto wanacheza ndani yake, na ya Januari yamesahaulika, maji yalipofika mpaka miguuni mwa vitanda. Barua nyingi za mifereji nilizopokea ziliandikwa Desemba na Januari, na watu ambao magodoro yao yalikuwa bado yameanikwa ukutani. Hasira yao ilikuwa ya haki kabisa. Lakini Januari hakuna fundi anayeweza kuchimbua mfereji wenye maji yanayokimbia. Tena mwaka wa hesabu za serikali hufungwa tarehe 31 Desemba, kwa hiyo barua inayofika wakati huo inakuta pesa za mwaka wa zamani zimekwisha na za mwaka mpya hazijaanza kutoka. Barua ya mvua iandikwe kiangazi. Hilo ndilo lililonileta hapa leo, na yote nitakayosema yanalitumikia.

Kuna sababu nyingine ya kuandika sasa, na hii natamani kila mtoto wa shule za Katuba aijue kwa moyo. Katiba ya nchi yetu, ile ya tarehe 18 Februari 2006, ina kifungu cha 27. Kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya serikali, peke yake au pamoja na wenzake, na kinaitaka mamlaka hiyo ijibu katika miezi mitatu. Kisha kinaongeza kwamba hakuna mtu atakayeshtakiwa, kwa namna yoyote ile, kwa kupeleka ombi kama hilo.

Tupige hesabu pamoja. Barua ikipokelewa mwisho wa Julai, jibu linadaiwa mwisho wa Oktoba, kabla ya mvua. Ikipokelewa Desemba, jibu linadaiwa Machi, na nyumba imeshaanguka. Miezi mitatu hiyo ni yetu. Tusiianze siku ambayo mbingu imeshafunguka.

Lile neno la mwisho la kifungu, la kutoshtakiwa, limewekwa kwa sababu walioandika katiba waliijua hofu yetu. Naijua pia. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini, akiwa mbele ya meza yangu: nikitia sahihi hapa, hawatasema niko mpinzani? Alikuwa analalamikia tundu la barabara. Tundu! Nchi inapofika mahali ambapo mtu mzima anaogopa kutaja tundu lililo mbele ya lupango lake, yaani kiwanja cha nyumba yake, jambo limeharibika ambalo lami haiwezi kulitengeneza. Bapapa na bamama, kuandika kwamba mfereji umeziba si kumpinga mtu. Ni kumpa kiongozi habari anayoihitaji ili afanye kazi yake. Kiongozi mwema huifurahia. Na yule asiyeifurahia bado anabanwa na kifungu cha 27.

Sasa, tuandike kwa nani? Hapa ndipo barua nyingi hupotea, kwa sababu zinabisha mlango usio wake. Bwana Shefu, nimekuomba ruhusa kabla ya kusema hili mbele ya watu, nawe ukanipa kwa moyo mweupe. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya mamlaka za mitaa inaufanya mji na komini kuwa vyombo vinavyojitawala, vyenye baraza, mali na bajeti. Kartie haimo humo. Kartie ni sehemu ya utawala tu, haina kasha la pesa. Basi tunapomwendea Shefu jioni nyumbani kwake na kumwambia, «Shefu, mayi inaingia mu nyumba», tunamwambia mtu ambaye hawezi kununua hata mfuko mmoja wa simenti kwa jina la kartie. Anachoweza ni kupeleka habari juu. Akiipeleka kwa mdomo, inafika kama uvumi. Akiipeleka na karatasi yenye sahihi za avenyu nzima, na yeye mwenyewe ameitia sahihi kwamba ameona, hapo mkono wake unapata nguvu. Tusimpite Shefu, kwa heshima na kwa faida yetu wenyewe. Lakini tusiishie kwake.

Kanivo za avenyu zetu, barabara ndogo za ndani, taa za avenyu na soko la komini ni kazi ya komini, na barua yake inaandikwa kwa bugumesta, mkuu wa komini. Barabara kubwa za mji na mifereji yake mikubwa ziko chini ya ofisi ya voirie, OVD. Na barabara ya taifa, kama ile ya Kasenga, ni ya Ofisi ya Barabara. Hata hivyo msikae mwezi mzima mkibishana barabara ni ya nani. Mwandikieni bugumesta, na chini ya barua wekeni kopi kwa ofisi ile nyingine. Kopi inafanya jambo moja zuri: kila mmoja anajua kwamba mwenzake ameijua habari.

Wekeni kopi pia kwa makonseye wa komini, wajumbe wa baraza lake. Tarehe 20 Desemba 2023, siku ile ile ya kumchagua rais, kura za makonseye wa komini zilipigwa kwa mara ya kwanza tangu katiba hii ianze, katika komini za miji mikuu ya mikoa. Walipita kwenye avenyu zetu kuomba sauti. Sasa sauti iwafuate kwa maandishi.

Umeme nitaupita haraka. Waya ukianguka, usingoje barua. Weka mtu mzima kila upande azuie watoto, na mwingine akimbie ofisi ya SNEL, kampuni ya umeme, iliyo karibu. Barua itafuata kesho yake, ikitaja kabini ya umeme na nguzo.

Maji yanataka maneno zaidi, kwa sababu naona tunaichukulia bomba inayovuja kama hasara ya REGIDESO, kampuni ya maji, peke yake, na wengine hata wanaifurahia kwa kuwa wanachota bure palipopasuka. Fikirini vizuri kinachotokea pale. Maji yanapokuwa na nguvu ndani ya bomba, yanasukuma kwenda nje kupitia ule ufa, na uchafu hauwezi kuingia. Lakini maji yetu hukatika. Yakikatika, nguvu ndani ya bomba inaanguka, na bomba linavuta kinachokaa nje yake: maji ya kanivo, ya choo cha jirani, ya shimo la taka. Maji yakirudi, mtu wa mwisho wa avenyu anafungua robine na kumpa mtoto uchafu huo akidhani ni maji safi. Hivyo ufa ulio mbele ya lupango la mtu mmoja unaweza kuwaumiza watu walio mbali naye kabisa, wasiojua hata kwamba upo. Bamama, nyinyi ndio mnaobeba bidoni. Mnajua bomba gani linalia usiku na ardhi ya nani ni mbichi hata Septemba. Sahihi ya kwanza kwenye barua ya maji iwe yenu.

Namna ya kuandika. Barua inayosema «barabara zetu zimeharibika, tunateseka, tunaomba msaada» ni kama mgonjwa anayemwambia daktari kwamba anaumwa mwili. Mkubwa anaisoma, anasikitika, na hajui amtume nani wapi. Nilikuwa nikiziona zikiwekwa kando, na si kwa ubaya wa mtu. Barua inayotembea inasema mahali, kipimo, tangu lini, nani anaumia, tunaomba nini, na sisi tutatoa nini. Wacha niwasomee mfano tulioutayarisha na kamati, namba ni za kujaza tu:

«Bwana Bugumesta, sisi wakaaji wa avenyu hii, kuanzia lupango namba 12 hadi namba 58, tunakuletea habari ya kanivo ya upande wa kushoto ukitoka barabara kubwa. Imejaa udongo na taka kwa urefu wa hatua 90, kati ya kona ya kwanza na kona ya shule. Tangu mvua za mwaka jana maji hayapiti tena humo, yanapita barabarani na kuingia kwenye lupango sita. Wanafunzi wanaruka maji kwenda shule. Tunaomba kanivo ichimbuliwe kabla ya mwezi wa Novemba na daraja dogo la kona lililovunjika litengenezwe. Sisi wakaaji tutatoa watu wa kuchimba siku ya salongo, tukipata makoleo, matoroli na gari la kubeba udongo. Picha mbili zimeambatanishwa. Tunangoja jibu lako kwa mujibu wa kifungu cha 27 cha katiba.»

Ni ukurasa mmoja. Hakuna matusi, hakuna kulia, hakuna sifa za bure za dakika tano kwa mheshimiwa. Angalieni ule mstari wa udongo. Mara nyingi salongo yetu inachimbua kanivo na kuuacha udongo ukingoni, na mvua ya kwanza inaurudisha ndani. Mikono tunayo. Tunachokosa ni gari, na hilo ndilo la kuomba.

Msiongeze chumvi. Kama ni lupango sita, andikeni sita, msiandike avenyu nzima. Siku mtu wa komini atakapokuja kuangalia na kukuta kila neno ni kweli, barua yenu ya pili ataisoma kwa jicho jingine.

Kuhusu lugha, ofisi zinafanya kazi kwa Kifaransa, lakini Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika katiba hiyo hiyo. Andikeni kwanza kwa lugha mnayoiwaza, yote yatoke. Kisha mwalimu wa avenyu aitie katika Kifaransa, na karatasi zote mbili ziende pamoja. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Mpangaji atie sahihi kama mwenye nyumba, maana maji hayamwulizi mtu karatasi ya lupango kabla ya kuingia chumbani mwake, na wenye nyumba wengi wanaishi mbali na tundu hili.

Sasa jambo ambalo kama mtasahau mengine yote, hili mlishike. Barua iende katika nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inarudi nyumbani ikiwa na kashe, yaani muhuri, ya ofisi, tarehe, namba ya kwenye kitabu cha barua, na sahihi ya aliyepokea. Usikubali kuambiwa «iache tu, nitampa mkubwa». Simama pale kwa adabu mpaka kashe igonge karatasi. Bila nakala yenye kashe, ile miezi mitatu haina siku ya kuanzia, na ukirudi Oktoba hakuna anayeweza kuitafuta barua yako, hata karani mwenye nia njema, kwa sababu hana namba ya kutafutia. Na mtu akiomba pesa ya sukre ili aipokee barua, mwambie hapana kwa sauti ya kawaida, urudi kesho na watu wawili. Kupokea ombi la mwananchi hakulipiwi.

Kisha mnarudi. Siyo kwa fujo. Wajumbe wawili, mwanamke na mwanamume, kila baada ya wiki mbili, na ile nakala mkononi: tumekuja kuuliza barua yetu namba fulani imefika kwa huduma gani. Nimewahi kuona barua iliyolala meza moja msimu mzima ikiamka asubuhi moja, kwa sababu tu bibi mmoja alikuwa akija, anasalimia, anakaa kwenye benchi, anangoja. Hakupiga kelele hata siku moja. Kila mtu ofisini alimjua kwa jina la mfereji wake.

Kuna sehemu ngumu, na singekuwa mkweli nikiiruka. Kanivo nyingine hazikuzibwa na mvua wala na serikali. Zimezibwa na sisi. Amri ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza mifuko ya plastiki nchini, lakini chimbueni hatua tano za kanivo yoyote hapa na mtajaza toroli kwa masashe. Wengine wamejenga ukuta juu ya mfereji, au wameweka kibanda cha biashara, au wameelekeza bomba la choo humo. Tufanyeje na jirani wa namna hiyo? Wengine mnasema tuandike jina lake. Mimi napinga. Jina la jirani kwenye barua linaweza kugeuka njia ya kulipiza kisasi cha mambo mengine, ya ndoa, ya deni, ya kabila, na Lubumbashi inajua mambo hayo yanavyoishia. Aitwe kwanza kwenye baraza la avenyu, wazee wamwambie, apewe muda wa kubomoa mwenyewe. Asiposikia, barua itaje mahali palipoziba na kitu kilichopaziba. Kazi ya kumwita mwenye ukuta na kumtoza faini ni ya wenye mamlaka. Yetu ni kuonyesha maji yalipokwama.

Niseme pia juu ya mazoea yetu ya kungoja, maana vijana wanatulaumu na hawajui yalikotoka. Mji huu ulikulia mikononi mwa kampuni. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ilianzishwa mwaka 1906, serikali ikachukua mali zake mwaka 1967, ikawa Gécamines mnayoijua. Kwenye kampi za wafanyakazi paa likivuja ulimwambia mkubwa wa kampi. Bomba likipasuka kampuni ilituma fundi, taka ziliondolewa, kuta zilipakwa chokaa. Wazee waliolelewa kule hawakuwa na haja ya kujua mlango wa bugumesta. Kisha shaba ikaanguka miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Nyumba zilibaki, mabomba na mifereji vilibaki, na mkono uliokuwa ukitengeneza ukaondoka. Hakuna aliyetufundisha mlango mpya uko wapi. Siwaombi mtamani kampi. Kule mkubwa alikuwa na neno hata juu ya maisha ya ndani ya nyumba yako, na asiyekuwa mfanyakazi hakuwa na wa kumwambia shida yake. Leo muuza makala ya kupikia, mjane, mwanafunzi, mwendesha taksi-bisi, wote wana haki moja ya kuandika. Kodi ya soko wanayolipa kila siku ndiyo inayowapa wengine mshahara.

Haya, tufanye kazi kabla jua halijashuka. Kamati imeleta karatasi na kalamu, ziko kwenye meza ya kulia. Kila avenyu ikae na shefu wake, ichague tatizo moja tu, lile linaloumiza wengi, mengine yatasubiri barua ya pili. Vijana wenye simu za picha wapite leo hii kabla ya giza: picha moja ya karibu, moja ya mbali inayoonyesha nyumba na kona ili mtu apatambue. Wasipige picha za watu ndani ya lupango zao. Bwana Shefu amekubali kutia sahihi barua zote kesho baada ya misa na ibada, na Jumatatu saa mbili asubuhi wajumbe watakutana mbele ya ofisi yake kwenda komini. Nitakwenda nao.

Kuna mama pale karibu na mwembe ameinua mkono tangu nilipotaja bomba. Mama, simama, tunakusikiliza. Taja avenyu kwanza.